Machweo ya shambani yaliyogeuzwa muziki wa okestra

Katika mtaa wa mabanda wa Kiandutu, pembeni mwa mji wa Thika, jioni haidumu. Kwa vile eneo hili liko karibu na ikweta, jua huzama mwendo wa saa kumi na mbili unusu mwaka mzima, na baada ya dakika 20 hivi giza huwa limetanda. Ndiyo saa ambayo vibarua hurejea kutoka viwandani na katika mashamba ya mananasi na kahawa yaliyo karibu na mji huo.

Saa kama hiyo, katika shamba la mbali, ndiyo iliyozaa Florida Suite, utungo wa okestra wa Mwingereza Frederick Delius (1862-1934).

Baba yake, mfanyabiashara wa sufu mjini Bradford, alitaka mwanawe afuate biashara. Mnamo 1884 kijana huyo alipelekwa kusimamia shamba la michungwa la Solano Grove, kando ya mto St Johns katika jimbo la Florida, Marekani. Machungwa hayakumshughulisha. Kilichomteka ni nyimbo za vibarua weusi zilizovuma juu ya maji jua likitua. Utumwa ulikuwa umepigwa marufuku nchini humo mwaka wa 1865, hivyo wengi wa wazee wao walikuwa wameuonja.

Aliporudi Ulaya, Delius alijiunga na chuo cha muziki mjini Leipzig, Ujerumani, na mwaka wa 1887 akaandika utungo huo wenye sehemu nne: mapambazuko na ngoma, kando ya mto, machweo karibu na shamba, na usiku. Ulipigwa kwa mara ya kwanza mjini humo mwaka wa 1888, mbele ya wasikilizaji wachache. Inasimuliwa kuwa ujira wa wapigaji ulikuwa pipa moja la bia.

Sehemu ya tatu ndiyo ya jioni yenyewe. Huanza kwa utulivu, ikachangamka katikati kwa ngoma ya watu waliotua majembe, kisha ikafifia polepole hadi kimya. Nayo ngoma ya sehemu ya kwanza Delius aliitumia tena katika opera yake Koanga, inayosimulia kisa cha mwana wa mfalme wa Kiafrika aliyeuzwa utumwani.

Hata hivyo, utungo huu una deni. Jina la mtunzi linajulikana duniani kote, lakini waimbaji waliomfungua masikio hawatajwi popote katika kazi hiyo. Mto umetajwa, shamba limetajwa, watu wameachwa.

Hilo ni funzo kwa anayerekodi nyimbo za kazi za vibarua wa Thika. Kabla ya kuandika noti ya kwanza, aandike jina la mwimbaji.