Kichwa Kinauma, Chanzo ni Shingo

Si kila maumivu ya kichwa huanzia kichwani. Mengine mzizi wake uko shingoni. Madaktari walilibishania jambo hili kwa miaka mingi, mpaka mwaka wa 1983 Daktari Ottar Sjaastad wa Norwe na wenzake walipoyapa maumivu hayo jina lake. Hukaa upande mmoja, hutoka kisogoni yakapanda hadi karibu na jicho, na ukigeuza shingo yanazidi. Kwa nini? Mishipa ya fahamu ya shingo ya juu hukutana na ile ya uso njiani kuelekea ubongoni, basi ubongo hukosea mahali panapouma.

Mwaka wa 2002 mtaalamu wa fiziotherapia wa Australia, Gwendolen Jull, na wenzake walichapisha utafiti wa watu 200. Kwa majuma 6 wengine walitibiwa viungo vya shingo kwa mikono, wengine wakafanya mazoezi, wengine yote mawili, na kundi moja halikupewa tiba hiyo. Miezi 12 baadaye, waliotibiwa bado walikuwa na nafuu. Na zoezi lenyewe, mama, halina nguvu: unalala chali, unainamisha kidevu polepole kama anayeitikia "ndiyo". Ufundishwe kwanza na mtaalamu hospitalini. Kule kuvunjwa shingo kwa kinyozi, hapana!

Lakini mtoto mwenye homa na shingo ngumu, au mama mjamzito anayeumwa kichwa sana na kuona maluweluwe, asingoje mazoezi. Apelekwe hospitalini saa hiyo hiyo.