Milimita 67 na Ziwa Lisilotulia: Historia ya Vipande vya Mita Kalemie

Behewa likitoka Kigoma, likavushwa Ziwa Tanganyika kwa meli na kuteremshwa bandarini Kalemie, halitasogea hata hatua moja juu ya reli za Kongo. Kigoma, nafasi kati ya vyuma viwili vya reli ni mita moja kamili. Kalemie ni mita moja na milimita 67. Tofauti hiyo haifiki upana wa kiganja, lakini ndiyo inayolazimisha kila gunia na kila pipa kushushwa na kupakiwa upya.

Haikuwa hivyo tangu mwanzo. Kampuni ya reli ya Maziwa Makuu, CFL, iliyoundwa mwaka 1902, ilifikisha reli yake ziwani mwaka 1915, kilomita 273 kutoka Kabalo kwenye mto Lualaba, ikifuata bonde la mto Lukuga. Upana ulikuwa mita moja, sawasawa na reli ya Wajerumani iliyokuwa imefika Kigoma mwaka mmoja kabla. Vita vilipokwisha, Albertville, kama Kalemie ilivyoitwa siku hizo, ikaelekeza uso mashariki. Mwaka 1921 Ubelgiji na Uingereza zilikubaliana Wabelgiji wapewe maeneo yao ya bandari Kigoma na Dar es Salaam, yale ambayo watu waliyazoea kwa jina la Belbase.

Kisha mwaka 1955 mafundi wakazitanua reli za Kalemie. Walitaka zilingane na reli za Katanga, na zile za Katanga zilifuata kipimo kilichotoka Afrika Kusini: futi tatu na nusu. Mwaka uliofuata Kabalo ikaunganishwa na Kamina, na behewa la Kalemie likaweza kushuka hadi Lubumbashi bila kubadili magurudumu. Mlango wa kusini ukafunguka, na wa mashariki ukabaki na kizingiti.

Hiyo futi tatu na nusu inastahili kuangaliwa kwa karibu. Chukua rula ndefu ya futi na rula ndefu ya mita, uzilaze sambamba, sifuri kwa sifuri. Kwenye rula ya futi, upana wa reli ya Kalemie unaangukia katikati kabisa ya 3 na 4. Kwenye rula ya mita, alama ile ile inaangukia mbele kidogo ya 1, baada ya sehemu 66 za elfu na nane ya kumi ya sehemu moja, na wahandisi wakaona waikamilishe iwe 67. Chuma ni kile kile. Upande mmoja ni nusu safi ambayo mtoto wa darasa la pili anaielewa, upande wa pili ni sehemu 67 kati ya 1,000, karibu moja ya kumi na tano. Kuna pia kichekesho kidogo cha karatasini. Kalemie, kwa desturi ya Kifaransa, koma ndiyo inayotenganisha namba nzima na vipande vyake, kwa hiyo 1,067 ni mita moja na vipande 67 vya elfu. Kigoma, kwa desturi ya Kiingereza, 1,067 ni elfu moja na sitini na saba, yaani milimita. Wote wawili wameandika upana wa reli ile ile, na wote wawili wamepatia.

Mwalimu anapochora mstari wa namba ubaoni, anafundisha jambo hilo hilo: sehemu ni mahali. Nusu, mbili kwa nne na hamsini kwa mia zina majina tofauti na makao mamoja. Mwingereza John Wallis aliuweka mstari wa namna hiyo kitabuni mwaka 1685, akimtumia mtu anayetembea mbele na kurudi nyuma ili kueleza namba zilizo chini ya sifuri. Historia ya namba ikitajwa, watu wa Kongo hupenda kutaja mfupa wa Ishango wenye mikato, uliochimbuliwa na Jean de Heinzelin mwaka 1950 kando ya Ziwa Edward, wenye umri wa miaka ipatayo 20,000. Ni fahari ya haki. Ila mikato ya mfupa ule, kwa maoni yangu, inahesabu tu, haigawi. Kwa historia ya kugawa, Kalemie ina ushahidi mzuri zaidi, nao ni ziwa.

Namba ya kwanza ya kimo cha Tanganyika ilitoka kwenye sufuria. Richard Burton na John Speke walifika Ujiji Februari 1858, na siku hizo msafiri alijua yuko juu kiasi gani kutoka usawa wa bahari kwa kuchemsha maji. Kadiri unavyopanda, ndivyo maji yanavyochemka kwa joto dogo zaidi. Kila futi 550 hivi hupunguza digrii moja ya Fahrenheit. Juu ya kioo cha kipimajoto digrii moja ni nafasi nyembamba sana, na msafiri alipaswa kukisia robo na nusu zake kwa jicho, moshi ukimfuka usoni. Speke alipata futi 1,844. Kimo cha kweli kinazidi 2,500. Kosa lake, basi, lilikuwa kama digrii moja na robo.

Robo hizo zilizaa ugomvi mkubwa. Kufikia 1864 Burton alishikilia kwamba Tanganyika hutiririka kaskazini, likapitia Ziwa Albert na kuwa Nile. Lakini Samuel Baker alikuwa amelipima Albert na kuliweka juu zaidi ya futi 1,844 za Speke, na maji hayapandi mlima. Wafuasi wa Burton wakakigeukia kipimajoto: kimekosea! Na kweli kilikuwa kimekosea. Ajabu ni kwamba hata hivyo Burton hakuwa sahihi. Novemba 1871 Livingstone na Stanley walipanda mtumbwi hadi ncha ya kaskazini, wakaona mto Rusizi unaingia ziwani, hautoki. Maji ya Tanganyika yana mlango mmoja tu, nao ni Lukuga, hapa Kalemie.

Mlango huo wakati ule ulikuwa umezibwa. Verney Lovett Cameron aliingia Lukuga mwaka 1874 akakwamishwa na majani. Stanley alirudi mwaka 1876 akakuta tope na matete yameziba njia, na akatabiri kwamba ziwa litavunja kizuizi hicho karibuni, kwa kuwa lilikuwa linapanda. Ushahidi wa kupanda ulikuwa Ujiji: michikichi aliyoikuta sokoni mwaka 1871 sasa ilisimama majini. Hicho kilikuwa kipimo chenye alama mbili tu, ya kale na ya sasa, pasipo chochote katikati. Edward Hore, baharia aliyetumwa na Shirika la Misheni la London, alipokaa Ujiji alianza kuyafuatilia maji kwa alama za kudumu. Mwaka 1879 alifika Lukuga akakuta mto unakwenda kasi. Desemba mwaka huo huo Joseph Thomson naye akauona. Kizuizi kilikuwa kimepasuka.

Ziwa, lililokuwa limefika karibu mita 783 juu ya usawa wa bahari mwaka 1878, likaporomoka kwa mita zipatazo 10 hadi karibu mwaka 1894. Ukigawa sawasawa ni tano kwa nane ya mita kila mwaka. Ziwa halikugawa sawasawa, bila shaka. Miaka ya mwanzo ndiyo iliyobeba fungu kubwa.

Tazama sasa tarehe. Kapteni Jacques, Mbelgiji, alianzisha boma la Albertville Desemba 1891, ziwa likiwa linakaribia chini kabisa. Reli na bandari zikafuata. Ardhi tambarare iliyo kando ya maji, palipo bandari leo, mwaka 1878 ilikuwa chini ya ziwa. Mji uliwekwa kwenye ncha ya chini ya mstari, na waliouweka walidhani ile ndiyo sifuri. Karibu kila shida ya maji iliyoupata tangu hapo inatokana na dhana hiyo.

Wabelgiji walileta mita, na mita ilikuja na desimali. Hapo Ubelgiji ina haki ya kujivunia mtu mmoja. Simon Stevin, mzaliwa wa Bruges, alichapisha mwaka 1585 kijitabu kidogo cha Kiholanzi, De Thiende, akiwaonyesha wapima ardhi na wafanyabiashara jinsi ya kuhesabu kwa sehemu za kumi, za mia na za elfu bila kuhangaika na sehemu za kawaida. Alitaka hata mizani na vipimo vigawanywe kwa kumi. Wafaransa walilitekeleza wazo hilo kwa mita mwaka 1795. Mwaka ule ule wa 1585, katika kitabu chake kikubwa cha hesabu, Stevin alifananisha namba na maji: kama maji yasivyo na pengo, namba nazo hazina pengo. Hakuwahi kuliona Tanganyika, lakini sijui mfano unaolifaa zaidi.

Maana ubao wa kupimia maji ni mstari wa namba uliosimamishwa wima. Ni bamba jeupe lililopigwa alama nyeusi, namba kubwa kwa kila sentimita kumi, vijisanduku vyeusi na vyeupe vikipokezana katikati. Asubuhi kukiwa shwari unausoma mara moja. Upepo wa kusi wa kiangazi unapovuma, wimbi hupanda hadi alama ya 62 na kurudi hadi 50. Msomaji husubiri mawimbi kadhaa, akashika juu na chini, na kuandika katikati yake: 56. Hapo ametafuta nusu ya umbali kati ya nukta mbili, bila kalamu na bila kuambiwa kwamba anafanya hesabu.

Sentimita moja ya ubao huo si kitu kidogo. Ziwa lina eneo la kilomita za mraba zipatazo 32,900. Sehemu moja ya mia ya mita, ikitandazwa juu ya eneo hilo lote, ni mita za ujazo milioni 329. Kwa kawaida maji hupanda kuanzia mvua za Novemba hadi Mei, kisha hushuka hadi Oktoba, na tofauti ya juu na chini ni kama sentimita 80, nne kwa tano ya mita. Jua hunywa mengi kuliko Lukuga. Mto hupata sehemu ndogo tu ya yote yanayopotea. Ndiyo maana mvua zikizidi misimu miwili mitatu mfululizo, mlango huu mmoja hauwezi kuyamaliza upesi.

Mhandisi E. Devroey alitoa kitabu kizima kuhusu tatizo la Lukuga mwaka 1938. Kabla ya uhuru Wabelgiji wakajenga banio mtoni ili kimo kisiyumbe. Ziwa likajibu kwa namna yake: mvua kubwa za mwanzo wa miaka ya 1960 zililipandisha hadi kilele cha mwaka 1964. Baadaye mambo yakageuka. Katika miaka ya 2010 upande wa Tanzania ndio uliolalamika kwamba maji yanapungua na kutaka banio la Lukuga lirudishwe. Muongo haukupita, na kufikia 2024 maji yalikuwa yamevamia Uvira, Gatumba na mitaa ya ufukweni ya Kalemie yenyewe, katika kiwango ambacho hakikuwa kimeonekana tangu miaka ile ya 1960. Mto uliotakiwa uzibwe sasa ulitakiwa uchimbwe. Sioni unafiki hapo. Ukiutazama mstari wote tangu 1878, pande zote mbili za ombi zimo ndani ya kawaida ya ziwa; anayetazama miaka kumi tu ndiye anayeshtuka kila mara.

Tangu 1992, ilipoanza kazi setilaiti ya TOPEX/Poseidon ya Marekani na Ufaransa, kimo cha maziwa makubwa hupimwa pia kutoka angani, kwa kosa la sentimita chache. Nchi nne za ziwa zilitia sahihi mkataba wa pamoja Dar es Salaam tarehe 12 Juni 2003, na mamlaka yao ina makao Bujumbura. Vipimo si haba, basi. Shida ni sifuri. Kila ubao una sifuri yake, iliyochaguliwa na fundi aliyeupigilia misumari, na 2.40 ya bandari moja si lazima iwe 2.40 ya bandari nyingine, hata kama maji ni yale yale na mita ni ile ile. Namba inaposambazwa redioni au kwenye simu, mara nyingi inakuja peke yake, na mwenye nyumba ya ufukweni hana namna ya kujua imepimwa kutoka wapi.

Walimu wanalijua kosa linalofanana na hilo. Mpe mtoto mstari kutoka 0 hadi 1 uliogawanywa sehemu nne, umuulize robo tatu iko wapi. Wengi huanza kuhesabu kwenye alama ya sifuri yenyewe, wakasema moja, mbili, tatu, na kidole kikaishia kwenye nusu. Wamehesabu vijiti badala ya nafasi zilizo kati ya vijiti. Dawa yake inafahamika: mtoto aweke kidole kwenye sifuri kwanza, kisha aruke.

Wanaotangaza kimo cha ziwa Kalemie, Bujumbura, Kigoma na Mpulungu wafanye vivyo hivyo. Waandike pembeni ya kila namba sifuri yake ni ipi na iko mita ngapi juu ya usawa wa bahari, na hapa Kalemie wauchore mstari wote, kutoka 773 hadi 783, kwenye ukuta unaopitiwa na watu kila siku, pamoja na alama za 1878, 1894, 1964 na 2024.