Floridi katika maji ya visima: Yanayofaa kujulikana na wakazi wa Kitengela na Kajiado

MJI wa Kitengela, ulio takriban kilomita 30 kusini mwa Nairobi katika barabara ya kuelekea Namanga, ulikuwa na wakazi 58,167 katika hesabu ya watu ya mwaka 2009. Miaka kumi baadaye, hesabu ya 2019 ilionyesha kwamba idadi hiyo imefika 154,436. Mabomba ya maji hayakukua kwa kasi hiyo. Maji ya bomba la Nol Turesh, yanayotoka katika chemchemi zilizo chini ya Mlima Kilimanjaro karibu na Loitokitok, hayatoshi kwa miji yote iliyo njiani. Ndiyo maana wakazi wengi huishi kwa maji ya visima virefu vilivyochimbwa kwa mashine, malori ya maji na wachuuzi wa mitungi.

Desturi hii ya kujitafutia maji imewafaa wenyeji nyakati ngumu. Aprili 2020, serikali ilipofunga eneo la Nairobi na viunga vyake, Kitengela ikiwamo, ili kuzuia maradhi ya Covid-19, kisima cha ploti kilikuwa tegemeo la wengi. Ndivyo ilivyokuwa pia misimu mitano ya mvua ilipokosekana mfululizo kati ya mwishoni mwa 2020 na 2022, mifugo ikafa kwa wingi Kajiado.

Hata hivyo, anayejitafutia maji hujitwika pia kazi ya kuyakagua. Katika sehemu hizi, hatari mojawapo haina rangi, haina harufu wala haionekani. Hatari hiyo ni madini ya floridi.

Chanzo chake

Floridi haitokani na uchafu wa binadamu. Hutoka katika miamba. Sehemu kubwa ya Bonde la Ufa na nyanda zilizo kando yake imefunikwa na mawe yaliyotokana na volkano. Maji yanapokaa muda mrefu kati ya mawe hayo, huyeyusha floridi na kubaki nayo. Tatizo hili liko pia Nakuru, Arusha na hata Ethiopia.

Shirika la Afya Duniani (WHO) hupendekeza maji ya kunywa yasizidi miligramu 1.5 za floridi kwa lita, na kiwango hicho ndicho kinachotumika Kenya. Ikumbukwe kwamba visima viwili vilivyo katika mtaa mmoja vinaweza kutofautiana sana, kwa sababu ya kina chake na aina ya mwamba uliotobolewa. Hivyo basi, usalama wa kisima cha jirani si ushahidi wa usalama wa kisima chako.

Madhara

Floridi kidogo huimarisha meno. Ikizidi, huyaharibu yakiwa bado yanajengeka ndani ya ufizi, tangu mtoto anapozaliwa hadi afikishapo umri wa miaka minane hivi. Meno huota yakiwa na madoa meupe, ya manjano au ya kahawia, na yakiathirika zaidi humeguka. Mswaki hauwezi kuondoa rangi hiyo. Mtoto anayekaripiwa shuleni kwamba hasafishi meno huenda anaonewa bure, na wapo vijana wanaoona haya kucheka hadharani kwa sababu ya maji waliyonyweshwa utotoni.

Mtu anayekunywa kiwango kikubwa kwa miaka mingi anaweza kupatwa na maumivu ya viungo na ugumu wa uti wa mgongo. Mifupa iliyokwisha kuharibika hivyo hairudi ilivyokuwa.

Wanaostahili kulindwa kwanza ni watoto wachanga. Maziwa ya mama huwa na floridi kidogo mno, hata mama akinywa maji yenye floridi nyingi. Maziwa ya unga yaliyokorogwa kwa maji hayo humpa mtoto floridi yote iliyomo.

Kuchemsha hakutoshi

Kosa linalofanywa na wengi ni kudhani kwamba maji yaliyochemshwa ni salama kwa kila hali. Kuchemsha na kutia klorini huua vijidudu, na ni kinga ya lazima dhidi ya kipindupindu, maradhi yaliyolipuka nchini Oktoba 2022 na kuifikia Kajiado. Lakini floridi si kijidudu. Maji yanapochemka, mvuke hutoka na floridi hubaki, kwa hivyo kiwango chake hupanda badala ya kushuka. Vichujio vya kauri na vya mkaa wa kawaida navyo haviiondoi ipasavyo.

Jambo jingine ni magadi. Chumvi hii ya Ziwa Magadi, lililo katika kaunti hiyo hiyo, hutumiwa kulainisha maharagwe na githeri. Magadi huwa na floridi, na anayeyatia katika chungu chenye maji ya kisima huongeza floridi juu ya floridi. Kuloweka nafaka usiku kucha huondoa haja ya kuyatumia.

Njia zinazofaa

Ya kwanza ni maji ya mvua, ambayo karibu hayana floridi. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ya paa ni lita moja ya maji. Paa la mita 50 za mraba, mahali panaponyesha milimita 500 kwa mwaka, hupokea lita 25,000. Hata moja kwa tano ikipotea, hubaki lita 20,000. Familia ya watu watano ikitumia lita 25 kwa siku kunywa na kupikia, tangi la lita 5,000 likijaa litaikimu siku 200. Maji ya kisima yatabaki ya kufulia na kuogea. Tangi lifunikwe, maji ya kwanza yanayosafisha paa yamwagwe, na ya kunywa yachemshwe.

Ya pili ni kuchanganya. Mtungi mmoja wa maji yenye miligramu 4 kwa lita, ukitiwa mitungi miwili ya maji ya mvua, hushusha kiwango hadi takriban 1.3.

Ya tatu ni kuchuja kwa mashine zinazosukuma maji kupitia utando mwembamba, au kwa mkaa wa mifupa ya ng'ombe, ambao Dayosisi ya Kikatoliki ya Nakuru imeutumia kwa miaka mingi. Vichujio hivi huchoka. Visipobadilishwa kwa wakati, hupitisha floridi bila dalili yoyote.

Kupima ndiko kujua

Hakuna ulimi unaoweza kuonja floridi na kutaja kiasi chake. Njia ya hakika ni maabara, zikiwemo za wizara ya maji na za Shirika la Kukadiria Ubora wa Bidhaa (KEBS) jijini Nairobi. Maji hupelekwa katika chupa safi ya plastiki, iliyosuuzwa mara tatu kwa maji yale yale.

Mpangaji naye ana haki ya kuuliza. Visima hivi huhitaji kibali cha Mamlaka ya Rasilimali za Maji, na baada ya kuchimbwa maji yake hutakiwa kupimwa. Mwenye kisima anapaswa kuwa na ripoti hiyo, na muuza maji kwa lori aweze kutaja kisima alikoyateka. Kifungu cha 43 cha Katiba ya 2010 humpa kila mtu haki ya maji safi, salama na ya kutosha, na huduma za maji ni jukumu la serikali za kaunti.

Hadi mabomba yatakapofika kila mtaa, swali la kwanza kwa anayehamia ploti mpya lisiwe tu iwapo maji yapo. Aulize pia yametoka wapi, yalipimwa lini, na ripoti inasema nini kuhusu floridi.