Safari na Siha katika Mwambao wa Ziwa Nyasa

Utalii wa matibabu, yaani safari anayoifunga mtu kwa kusudi la kutibiwa au kurejesha siha, husimuliwa kama biashara mpya ya hospitali kubwa za mijini. Katika mwambao wa Ziwa Nyasa, hata hivyo, safari na tiba vilifungamana zamani, kwa sababu ya kusikitisha kwamba safari yenyewe ndiyo iliyoua. Askofu Charles Mackenzie wa Misheni ya Vyuo Vikuu (UMCA) alikufa kwa homa Januari 1862, kando ya mto Shire, baada ya mtumbwi kuzama na dawa zake, kwinini ikiwemo, kupotelea majini. William Percival Johnson, aliyelifikia ziwa miaka 20 hivi baadaye, aliugua macho hadi akakaribia upofu, lakini akarudi kazini.

Daktari Robert Howard, aliyeanza kazi kisiwani Likoma mwaka 1899, aliyageuza maafa hayo kuwa hesabu: taarifa yake ya 1904 ilichambua maradhi na vifo vya wamisionari wa Kizungu. Siha iliyoandikwa daftarini kwanza, basi, ilikuwa ya mgeni. Mwenyeji, aliyeugua homa ileile, alisubiri.

Meli ya misheni iitwayo Chauncy Maples, iliyoundwa Glasgow, ikaletwa vipande vipande na kushushwa majini mwaka 1901, ilikuwa shule, kanisa na hospitali kwa pamoja, na kwa vijiji visivyo na barabara ilimaanisha kwamba tiba ndiyo iliyomfuata mgonjwa. Hospitali za nchi kavu ziliugeuza mwelekeo huo. Liuli, ambayo Wajerumani waliiita Sphinxhafen kwa ajili ya mwamba wake, na alikozikwa Johnson mwaka 1928, ina Hospitali ya Mtakatifu Anna ya Waanglikana. Umatengoni, kwenye milima inayopita meta 1,500 ilhali ziwa liko kwenye meta 475 hivi, Wakatoliki wana hospitali ya Litembo. Mgonjwa wa milimani au wa ufukweni ndiye sasa anayepanda na kushuka, ingawa hakuna anayemwita mtalii.

Jina hilo amebakiziwa anayefika Mbamba Bay, kwenye mwambao huohuo, kupunga upepo. Huyo hushauriwa, akishaoga ziwani, apimwe kichocho, ugonjwa wa minyoo inayoenezwa na konokono wa majini, wiki kadhaa baadaye akiwa kwao. Mtoto wa mvuvi huoga hapohapo kila jioni.