Mashine Ipi Ilikuwa Ghali? Somo la Bei za Zamani na Bei za Sasa

Leo tutazungumza juu ya bei. Chukua kalamu na karatasi, kwa maana somo hili halisomwi kwa macho tu.

Tuseme uko Katoro, katika Mkoa wa Geita, mwishoni mwa mwaka 2020. Mbele ya kibanda cha gemu wamesimama mzee na mwanawe. Kijana amefanya kazi duarani hata akapata gramu kumi za dhahabu. Anataka kuziuza, aagize PlayStation 5, afungue kibanda chake mwenyewe, watoto wamlipe kwa kila mchezo. Mzee hataki.

“Mwanangu, watakuibia. Mwaka 2000 nilisoma gazetini bei ya mashine kama hii. Kwa fedha yetu ilikuwa laki mbili na arobaini. Leo wanataka zaidi ya milioni!”

“Baba, shilingi ya mwaka ule siyo ya leo.”

Je, nani amesema kweli? Tusiwahukumu upesi.

PlayStation ya kwanza ilianza kuuzwa Marekani mwezi Septemba 1995 kwa dola 299. Ya pili ikaja Oktoba 2000, nayo kwa dola 299. Ya tatu, mwaka 2006, ile kubwa ilikuwa dola 599, na wanunuzi wengi walinung’unika. Ya nne, mwaka 2013, ilikuwa dola 399. Na ya tano, Novemba 2020, dola 499. Ukizitazama tarakimu hizi hivi hivi, utasema ya kwanza ilikuwa rahisi sana kuliko ya tano.

Basi fikiri juu ya kapu la mahitaji ya nyumbani: chakula, nguo, kodi ya nyumba, nauli. Kapu lililonunuliwa Marekani kwa dola 100 mwezi Septemba 1995 lilihitaji dola 170 hivi mwezi Novemba 2020. Huko ndiko kupanda kwa bei, yaani dola ile ile hununua vitu vichache zaidi. Kwa hiyo zidisha 299 kwa 1.7. Umepata ngapi? Karibu 508. Loo! Mashine ya dola 299 na mashine ya dola 499 zilikuwa karibu bei moja.

Ya mwaka 2000 tunaizidisha kwa 1.5, maana kapu la dola 100 la Oktoba mwaka ule lilifika dola 150 hivi. Tunapata kama dola 448. Ile ya 2006 inafika dola 770 na zaidi. Manung’uniko yale hayakuwa ya bure. Tena, mwaka 1977 kampuni ya Atari ilianza kuuza mashine yake kwa karibu dola 200, ambazo kwa fedha ya 2020 zinapita dola 800. Hiyo inazishinda zote tulizozitaja. Lakini kwa mtu wa Katoro bei hiyo ilikuwa habari ya mbali tu, kwa kuwa Tanzania Bara haikuwa na kituo cha televisheni mpaka mwaka 1994.

Sasa turudi kwa mzee. Mwaka 2000 dola moja ilikuwa kama shilingi 800. Mwaka 2020, kama shilingi 2,300. Hivyo dola 299 zilikuwa shilingi 240,000 hivi, na dola 499 ni shilingi 1,150,000 hivi, kabla ya ushuru na gharama ya kusafirisha. Mzee hakudanganya. Amesahau tu kwamba shilingi nayo ilikuwa ikishuka mbele ya dola, na dola yenyewe ikishuka mbele ya kapu.

Lakini kijana wetu halipwi mshahara wa dola wala wa shilingi. Anashika gramu. Mwaka 2000, mwaka ambao mgodi mkubwa wa Geita ulianza kutoa dhahabu, gramu moja katika soko la dunia mwezi Oktoba haikufika dola 9. Mashine ya dola 299 ilitaka gramu 34 hivi. Novemba 2020 gramu moja ilikuwa karibu dola 60. Gawanya 499 kwa 60: gramu nane na kitu kidogo. Tazama ajabu hiyo! Kwa kipimo cha kapu mashine ilipanda kidogo. Kwa kipimo cha dhahabu ilishuka hata robo. Dhahabu ndiyo iliyopanda, si mashine iliyoshuka.

Angalia lakini: hesabu hii ni ya dhahabu safi. Dhahabu ya mchimbaji mdogo ina vitu vingine ndani yake, na mnunuzi hukata chake. Ukiongeza ushuru na nauli, gramu kumi huenda zisitoshe. Mimi naona kijana ameshinda katika hesabu, ila mzee hakushindwa sana, kwa kuwa duara halitoi gramu kumi kila mwezi.

Kabla ya juma lijalo, mtafute mtu aliyelima pamba mwaka 2000, umwulize alilipwa shilingi ngapi kwa kilo. Gawanya 240,000 kwa bei hiyo. Kisha uliza bei ya pamba ya mwaka 2020, ugawanye 1,150,000. Andika kilo ulizopata kando ya gramu zetu, 34 na 8, ulete karatasi yako darasani.