Fahamu: Kutoka ‘kilema’ hadi ‘mtu mwenye ulemavu’, neno linavyogusa haki

Mbulu na Hanang, mkoani Manyara, wengi huzungumza Kiiraqw au Kidatoga nyumbani. Kiswahili cha sheria wanakutana nacho ofisi ya kijiji, zahanati au mahakamani. Neno linalotumika huko linaweza kuamua mtu anapokelewaje.

Sheria ilibadilika lini?

Mwaka 1982 zilitungwa sheria mbili za walemavu: moja ya ajira, nyingine ya matunzo. Tanzania iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu mwaka 2009. Mwaka 2010 ikaja Sheria ya Watu Wenye Ulemavu, Na. 9, ikazifuta zile za zamani.

Halikubadilika jina tu. Sheria ya 2010 inaangalia vikwazo: mitazamo ya watu, mazingira na taasisi. Yaani kama ofisi ina ngazi tu, shida ni ngazi, sio mtu anayetumia kiti mwendo. Pia inakataza ubaguzi, na mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi anatakiwa asilimia 3 wawe watu wenye ulemavu.

Wapi bado kuna shida?

• Katiba, Ibara ya 13(5): maana ya kubagua inataja kabila, rangi, dini, jinsia na mengine. Ulemavu haumo kwa jina. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inautaja.

• Katiba, Ibara ya 5: “ugonjwa wa akili” unaweza kuwa sababu ya kumzuia raia kupiga kura.

• Kanuni ya Adhabu, kifungu cha 137: toleo la 2002 linamlinda mwanamke mwenye ulemavu wa akili dhidi ya ukatili wa kingono, lakini linamwita kwa maneno ya Kiingereza yenye maana ya taahira na punguani.

Kwa nini ni muhimu sasa?

Tangu 2021, Kiswahili ndiyo lugha ya sheria na mahakama, hivyo sheria za Kiingereza zinapaswa kutafsiriwa. Mtafsiri akiweka “punguani”, tusi hilo litasomwa mahakamani mbele ya binti aliyefanyiwa ukatili na mama yake.

Useme nini?

• Kilema, kiwete: mtu mwenye ulemavu wa viungo
• Kipofu: mtu asiyeona
• Zeruzeru: mtu mwenye ualbino
• Taahira, punguani: mtu mwenye ulemavu wa akili
• Bubu: kiziwi. Hili viziwi wenyewe wanalitumia, ndiyo maana kuna Chama cha Viziwi Tanzania (CHAVITA).

Ukiwa na shaka, muulize mhusika anapenda aitweje.

Ukibaguliwa uanzie wapi?

Nenda kwa ofisa ustawi wa jamii wa halmashauri yako, au serikali ya kijiji. Sheria ya 2010 inataka kila kijiji na mtaa uwe na kamati ya watu wenye ulemavu. Kama kwenu haipo, una haki ya kuiulizia.