Arusi Kuu ya Ngazija na Wasafiri Wake

Miaka hii ya karibuni imekuwa desturi kwa wageni wa Ulaya na Marekani kuvuka bahari hadi Unguja, Mauritius au Shelisheli, nguo nyeupe zikiwa zimekunjwa vyema sandukuni, ili wakaoane mchangani mbele ya watu kumi au ishirini, mbali na wajomba wenye maneno na mashangazi wenye madai. Na mawakala wanaowatengenezea shughuli hiyo huinadi kana kwamba kufuata kisiwa kwa ajili ya arusi ni jambo lililozuliwa juzi. Walakini baina ya Msumbiji na Bukini, yaani Madagaska, katika visiwa vya Komoro, ambavyo wazee wetu wa pwani walizoea kuviita vyote kwa jina la kile kikubwa, Ngazija, watu wamekuwa wakivuka bahari kwenda kuoa tangu zama za majahazi na pepo za msimu, tena kwa kusudi lililo kinyume kabisa, maana Mngazija hendi kisiwani kuwakimbia jamaa zake, huenda ili wamhesabu.

Arusi hiyo wenyewe huiita ndola nkuu, au kwa neno moja tu, ada, na ni kosa kuitafsiri kuwa ndoa ikaishia hapo. Kuoana kwa mujibu wa sheria, kwa mahari, walii na mashahidi, ni jambo dogo linaloweza kwisha nyumbani kwa kadiri ya birika moja la kahawa, na wako wengi waliokwisha kuishi na wake zao miaka ishirini, wakazaa na wakaoza, kabla ya kumfanyia mke yule yule arusi kuu. Kinachotafutwa katika ada ni daraja. Wanaume wa mji wa Kingazija wamegawika mafungu mawili, wale waliokwisha kutimiza ada, ambao ndio watu wazima, na wale ambao bado, ambao huitwa wana wa mji. Na mtu aweza kuwa na miaka sabini, amekwenda Makka mara mbili, amekuwa mwalimu wa shule au hata waziri wa serikali, akabaki mwana wa mji, hana haki ya kuvaa lile bushuti lililotariziwa kwa nyuzi za dhahabu, wala ya kukaa safu ya mbele msikitini siku ya Ijumaa, wala ya kutoa neno la kukata shauri katika bangwe, yaani ule uwanja wa mji wenye mabaraza ya mawe ambako mambo ya watu huamuliwa.

Kwa upande wa mwanamke hesabu huanza mapema zaidi. Nyumba katika Ngazija ni ya mwanamke na hurithiwa kwa tumbo, kutoka kwa mama kwenda kwa binti, chini ya ile desturi iitwayo manyahuli, iliyostahimili karne nyingi kando ya sheria ya Kiislamu bila ya hii kuifuta ile; na mume ndiye anayehamia kwa mkewe. Basi azaliwapo binti wa kwanza, baba na wajomba hujua ya kuwa deni limezaliwa pamoja naye, wakaanza kufyatua matofali. Msafiri apitaye leo barabara ya kutoka Moroni kwenda Mitsamiouli huona majumba yenye nondo zilizochomoza juu ya paa kama miiba, yamesimama miaka kumi au kumi na mitano yakingojea ghorofa ya pili, akadhani ni umaskini au uzembe. Kumbe kila moja ni kalenda, na ukitaka kujua binti wa nyumba ile amefika umri gani, tazama kuta zimefika wapi.

Ada yenyewe huchukua siku nyingi, na mara nyingi majuma, na kila siku ina jina lake na watu wake. Iko majilisi ya kumsifu Mtume, iko jaliko ambapo wanaume waliovaa kwa fahari hucheza kwa hatua za taratibu, hatua za mtu mzima kwelikweli, asiyekuwa na haraka ya kufika popote. Iko ukumbi, ambapo biarusi huketishwa kwa madaha, dhahabu imemfunika shingo na kifua, macho ameyainamisha, na wanawake wa mji mzima wakaingia kumtazama na, niseme kweli, kuikadiria ile dhahabu. Na iko zifafa, maandamano ya kumpeleka bwana arusi kwa mkewe, kilemba kichwani, joho mabegani, asumini shingoni. Usiku wa twarab, yaani taarabu, una historia inayotuhusu sisi hasa, kwani muziki huo, pamoja na fidla zake na tabia ya kutuza noti mbele za watu, ulichukuliwa kutoka Unguja mwanzoni mwa karne ya 20 na vijana wa Kingazija waliokuwa wakienda huko na kurudi, ukapata makao katika arusi kuu na haujatoka hata leo.

Lakini mwenye kutaka kuifahamu ada asishughulike sana na ngoma, aende akasimame panapogawiwa nyama. Ng'ombe wakisha kuchinjwa, fungu la kila rika na la kila daraja hujulikana, kuwa hiki ni cha wazee na hiki cha vijana, na ndoo za mchele huhesabiwa kwa sauti mbele ya wawakilishi wa kila kundi. Fungu likipunguka, hata kwa bahati mbaya, halirekebishwi kwa kuomba radhi, mwenye arusi hutozwa faini, na madhali faini hiyo haijalipwa shughuli nzima yaweza kusimama na mpishi amekwisha kuwasha moto. Na yule anayepokea leo anakumbuka ya kuwa alitoa jana, au kwamba atatoa kesho, hata ada hufanana na mchezo wa kupeana zamu uliochezwa na mji mzima kwa vizazi kadhaa, ambao hakuna awezaye kuuacha bila ya kuwadhulumu waliomtangulia kutoa.

Tabia ya kwenda kuitafuta gharama ya ada ng'ambo si ya jana. Mwaka 1886 Ufaransa ilipoiweka Ngazija chini ya himaya yake, na sehemu kubwa ya ardhi nzuri ikaangukia mikononi mwa kampuni ya Mfaransa Léon Humblot, kijana wa Kingazija alibaki na shamba dogo juu ya mawe ya volkano ya Karthala na wajibu mkubwa usiopungua kwa sababu ya udogo wa shamba. Wengi wakaelekea Unguja, wakawa maaskari, watumishi, walimu na masheikh, na ni katika watu wa asili hiyo alipotokea Sayyid Ahmad bin Sumeit, mzaliwa wa Itsandra na kadhi mashuhuri wa Unguja, aliyefariki mwaka 1925. Wengine wakaelekea Majunga katika Bukini. Na wengine wakaajiriwa katika marikebu za Kifaransa, wakashuka Marseille, wakabaki. Milango hiyo ilifungwa mmoja baada ya mwingine. Baada ya Mapinduzi ya 1964 maisha ya Wangazija Unguja yalibadilika, na mwezi wa Desemba 1976 Wangazija wa Majunga walishambuliwa na kuuawa, na walionusurika, maelfu kwa maelfu, wakarudishwa kwa ndege za shirika la Sabena, hata wakabatizwa jina hilo na bado huitwa Wasabena. Mlango uliobaki ni Marseille.

Wakati huo huo ada ilikuwa imempata adui wake mkubwa. Komoro ilijitangazia uhuru tarehe 6 Julai 1975, na kabla ya mwezi kutimia serikali ilipinduliwa, na punde si punde madaraka yakawa mikononi mwa Ali Soilih, mtaalamu wa kilimo aliyeona ya kuwa nchi isiyo na chakula haiwezi kuendelea kuteketeza mali kwa majoho na karamu. Akaipiga marufuku arusi kuu, akachoma majalada ya serikali, akawapa vijana wa shule mamlaka juu ya watu ambao jana yake wasingethubutu kukaa nao baraza moja. Na mwandishi Mohamed Toihiri, alipotunga riwaya juu ya zama hizo mwaka 1985, aliiita jamhuri ya wasio na ndevu, jina ambalo kila Mngazija alilielewa bila ya kufasiriwa. Tarehe 13 Mei 1978 mamluki wa Bob Denard wakamwondoa, na mwisho wa mwezi huo akauawa. Mabushuti yakatolewa masandukuni. Hoja ya Soilih juu ya gharama ilikuwa na haki, na wako Wangazija wengi wanaoikariri hadi leo. Alichokosea, kwa maoni yangu, ni kudhani ya kuwa watu wananunua karamu.

Wanaokuja kutoka Ufaransa siku hizi wenyeji huwaita je-viens, yaani "naja", na msimu wao ni Julai na Agosti, shule za Ufaransa zinapofungwa. Mwenye kuazimia ada huandaa kwa miaka: wake na dada zake wa Marseille huingia katika vyama vya kuchangiana, dhahabu hununuliwa kidogo kidogo, nauli za jamaa huwekwa, na sehemu ya fedha hulipwa kwa mji, ikageuka msikiti, umeme, au sakafu mpya ya bangwe, kazi ambazo kwingineko zingefanywa na serikali. Ndege za msimu huo hujaa maarusi na wageni wao. Moja katika hizo, iliyowabeba abiria walioanzia Paris na Marseille wakabadili ndege Sanaa, ilianguka baharini karibu na Ngazija usiku wa kuamkia 30 Juni 2009 ikiwa na watu 153, akaokoka msichana mmoja tu. Na katika vitongoji vya Marseille ziko nyumba ambamo nguo za arusi ya mwaka ule hazikupata mvaaji.

Arusi yenyewe haiwezi kufanyiwa Marseille, ingawa ukumbi wa kukodi ungekuwa nafuu na jamaa wengi wako hapo, kwa kuwa bangwe haisafiri. Basi mwezi wa Septemba bwana arusi hurudi peke yake au na mkewe, huvua bushuti akalifunga katika nailoni, na alfajiri ya Jumatatu hushika lindo lake mlangoni mwa duka, au sahani zake katika jiko la hoteli, ambako msimamizi mwenye umri wa mwanawe humwita kwa jina lake la kwanza. Naye huitika. Kule kisiwani siku ya Ijumaa, katika safu ya mbele, wazee husogea kidogo wakaacha nafasi ya mtu mmoja.